Titi Aliloliomba Mtani

Zama za Mwingereza mume wangu alikuwa dresa wa dispensari ndogo ya kijiji, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mohoro. Aliosha vidonda, alitoa kwinini, aliandika kwenye daftari. Wanaume walimwendea yeye. Wanawake walinijia mimi jikoni, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke pale ambaye angefungua kanga mbele ya dresa, hata angekuwa katika kukata roho.

Basi tulijiwekea utaratibu. Mgonjwa anakaa kwenye kigoda, mimi namtazama na kumpapasa, kisha nasogea kwenye kiambaza cha makuti kilichotenga jiko na chumba cha dawa, namweleza mume wangu nilichokiona. Yeye anauliza maswali kutoka upande wa pili, mimi najibu, naye anapitisha dawa kwenye upenyo. Ulikuwa utaratibu wa heshima, na mara nyingi ulifaa. Nauandika kwa sababu mara moja haukufaa, na aliyeumia ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

Alikuja wakati wa kulinda mpunga, ametoka kwenye dungu lake la kufukuzia ndege bondeni, miguu bado ina tope. Alikuwa amemwachisha ziwa mwanawe wa mwisho miezi michache nyuma.

"Wifi, hebu nishike hapa," aliniambia. "Maziwa yamekataa kukauka."

Nikashika. Kando ya titi la kushoto palikuwa na kitu kigumu kama komwe ya bao, hakisogei.

"Kinauma?"

"Kingeuma ningekaa huko na ndege mpaka leo? Hakiumi hata kidogo."

Nikasogea kiambazani, nikasema, "Ni maziwa yameganda." Kwa mwanamke mwingine mume wangu angeuliza maswali matano au sita. Huyu alikuwa dada yake, na kaka hazungumzi habari za titi la dada yake. Akauliza moja tu: "Lina moto?" Nikajibu halina. Nikamsikia anakohoa. "Basi mkandeni," akasema, na akaenda kuosha chupa zilizokuwa safi.

Nikamkanda. Nilipasha majani ya mbarika juu ya makaa, nikayalaza penye uvimbe, nikasugua kuelekea chuchu kama nilivyofundishwa na mama. Kila asubuhi, miezi mitatu. Mikono ilikuwa ikiniuma kabla sijaanza kutwanga.

"Umechoka, wifi," alikuwa akiniambia.

"Sijachoka."

"Mwongo mkubwa wee! Unasinzia na jani mkononi, utaniunguza."

Niruhusu nieleze hapa, polepole, kwa faida ya msomaji aliye na mama, dada au binti. Maziwa yakiganda, titi huuma, huwa na moto, na kwa kawaida hulainika baada ya siku chache. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi. Huwa mgumu, na mara nyingi umeshikamana na mahali pake. Sisi tuliona kutouma ni neema, kumbe ilikuwa dalili ya kututia hofu. Na kumwachisha mtoto hakukusababisha lolote, wala hakuna aliyemloga.

Mwezi wa tatu ngozi ya titi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ikavutwa ndani. Niliacha jani likaanguka. Nikaenda kiambazani nikasema yote bila kupunguza. Kisha mume wangu akazunguka, akaingia jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwapo mgonjwa mwanamke. Akasimama akiwa ametugeuzia mgongo.

"Dada, utakwenda Dar es Salaam. Watalikata."

"Sikatwi," wifi alisema. "Nitazikwa mzima kama nilivyozaliwa. Aliyenipa atalichukua Mwenyewe."

Mumewe naye alisema hivyohivyo. Shehe alimweleza wifi kwamba kujitibu si dhambi; wifi akamsikiliza kwa adabu, hakwenda. Mimi nilimsihi mpaka nikakosa maneno. Wiki ya kwanza ikapita, ikapita ya pili, na kila asubuhi nilijua kwamba siku nyingine imepotea.

Ndipo akapita mtani wao, mwanamke mfinyanzi aliyezunguka vijijini akiuza vyungu. Watu wa ukoo wake na wa ukoo wa wifi yangu walitaniana tangu mababu. Mtani kwetu aliweza kukutukana uani kwako, kukamata kuku wako na kuondoka naye, na hukasiriki. Na kitu atakachokiomba mbele ya watu, humnyimi. Nilimweleza mambo yalivyo. Akajitwika chungu kimoja, tukaenda pamoja kwa wifi, ambako wanawake walikuwa wanapeta mchele.

"Ewe kizee, nasikia siku hizi unafuga titi!"

"Toka hapa, nuksi wa udongo wewe!"

"Sitoki, na chungu nimekuja nacho. Nipe nikapike mchuzi. Ingawa lako lilivyokomaa, litanimalizia kuni za siku mbili."

Wanawake walicheka mpaka wakaweka nyungo chini. Wifi naye akacheka, na sikuwa nimemwona akicheka kwa muda mrefu. Yule mtani akachuchumaa mbele yake. Mzaha ukamtoka usoni.

"Naliomba. Wote hawa ni mashahidi. Hilo bovu ni langu tangu leo, na nimewatuma hao wa Dar es Salaam wakanichukulie. Utaninyima?"

Wifi alitutazama mmoja mmoja, na mwisho akamtazama mumewe aliyekuwa anashona wavu barazani. Mumewe akainamisha kichwa.

"Umenipata, mbwa wewe," wifi alisema. "Lichukue."

Mimi na wifi tulivuka mto kwa kivuko, tukafika Kibiti matope yamekata barabara. Tulikaa siku nne tukingoja basi, nikamfulia kanga zake na kuzianika kwenye ua wa watu nisiowajua. Hospitali walimkata. Daktari alituambia kwa upole kwamba ugonjwa umeshafika kwapani, na kwamba amefanya alichoweza.

Wifi alirudi nyumbani, akaishi misimu miwili ya mpunga. Misimu ile sitaki kuipamba. Mkono wa kushoto ulivimba, hakuweza kutwanga wala kuteka maji. Wanawake wa pale walipokezana kinu chake bila kupangwa na mtu; aliyemaliza mpunga wake alihamia kwa wifi. Mumewe, ambaye watu walitabiri kwamba atamwacha, ndiye aliyekuwa akimfunga kanga kifuani kila asubuhi, kwa vidole vizito vya mvuvi, anakosea, anatukanwa, anaanza tena. Mimi nilisafisha kidonda. Nilichoka uchovu ambao usingizi haukuuondoa, na kama wewe leo unamwuguza mtu na unaona aibu kuchoka, usione. Kaa chini kidogo, mwache mwingine ashike kitambaa.

Siku moja, nikiwa nambadilisha bandeji, aliniuliza, "Wifi, tungekwenda ile siku ya kwanza niliyotoka bondeni, ningepona?"

Ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye, na isingekuwa uongo. Lakini miezi mitatu ile niliisugua kwa mikono yangu.

"Pengine ungepona," nikasema. "Ungekuwa na nafasi kubwa kuliko hii. Nilikosea."

Nje kinu chake kilikuwa kinalia, sijui ilikuwa zamu ya nani.

"Ulikosea nami nikiwa nimekaa hapo kwenye kigoda," wifi alisema. "Mbona hata mimi nilisema ni maziwa? Sasa wale wanaokuja kwako jikoni, waambie. Usiwaambie kwa kunong'ona. Na mume wako naye aulize maswali yake yote, hata kwa dada zake."

Kisha akanyoosha ule mkono uliovimba ili niuoshe.

Tangu kesho yake niliwaambia. Walioona haya niliwaambia mara mbili.