Geji Mbovu

Mafundi wenzake walimwita Bubu. Ulimi alikuwa nao, ila neno lake moja ulilingojea mpaka ukachoka. Shule hakuikanyaga. Injini za ndege ndogo alizijua kwa mkono na sikio, na marubani walimwamini kuliko vitabu. Tangu mkewe afariki, miezi minne sasa, hata hilo neno moja likawa adimu.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, alimwita amkagulie ndege ya injini moja kabla hajainunua.

Wakaiwasha ikiwa baridi. Mshale wa presha ya mafuta ukasimama penye kijani.

"Shemeji, mwali huyo! Nilipe mahari nini?"

"Ngoja ichemke."

Mafuta ya baridi ni mazito, husitiri mengi. Dakika ya ishirini mshale ukaanza kulala, ukalala mpaka ukagusa nyekundu.

Muuzaji akapunga mkono. "Aa, mzee wangu, usijisumbue. Presha iko sawa. Geji ndiyo mbovu."

Bubu akashika ubawa. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema zahanati, mwaka jana, nesi alipomfunga mkewe kile kitambaa mkononi akasema presha inashuka mno, apelekwe hospitali kubwa. "Geji yako mbovu, binti," alimwambia. Nesi akainama. Mkewe akacheka, maana mume wake ni fundi. Na asubuhi si alikuwa anafagia huku anaimba? Jioni ndipo alipokuwa akikaa chini ghafla, anashika ukuta. Yeye akatazama asubuhi tu. Injini baridi.

Hakumrudisha kupimwa tena.

Akazima injini. Akachomoa kijiti cha mafuta: yamejaa. Akafunga geji yake mwenyewe kwenye injini, wakawasha: mshale ukalala palepale. Akafungua vali ya presha: safi, springi nzima. Mwisho akakata filta, akaikunjua juu ya gazeti. Vipande vyembamba vya chuma vikang'aa kama magamba ya samaki.

"Beringi zinaliwa. Usinunue."

"Mzee, unamkatisha mwenzio tamaa kwa sababu ya geji!"

"Nimepima kwa geji mbili."

Muuzaji akaondoka akinung'unika. Shemeji akashusha pumzi. "Ungeniacha, ningeanguka nayo. Laiti dada naye angekuwa injini, shemeji. Ungemjua mapema."

Alisema kwa wema. Hapo ndipo palipouma.

Bubu akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Nesi aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Presha ya dada yako. Nikamwambia geji mbovu."

Shemeji akalikunja gazeti pamoja na vyuma vyake, polepole, akaenda kukaa garini. Hakuliwasha. Bubu akabaki chini ya ubawa, akipangusa geji isiyokuwa na vumbi, hajui kama anangojewa.