Nafasi ya Kana Chapwa

Gunia la Bibi lilinuka kahawa na udongo mbichi. Alishuka nalo kwetu Chapwa mvua za kwanza zilipoanza, mwaka uliofuata kifo cha Babu, baada ya baba yangu kumbembeleza aiache Itaka, kijijini kwake, aje kukaa nasi. Tulidhani ametuletea mahindi. Kumbe yalikuwa mashina ya kana, yale maua makubwa yenye majani mapana kama ya mgomba, yaliyozunguka nyumba yake tangu alipoolewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi hakungoja kupewa. Asubuhi iliyofuata alitoa kamba ya mafundo aliyozoea kupimia mashimo ya mibuni, akanishikisha ncha moja, akaanza kuupima uwanja wetu. Ulikuwa hatua sita kwa tano. Kwa kipimo cha mibuni, lilipatikana shimo moja tu, nalo lilikuwa katikati kabisa, mbele ya mlango.

Mama alitoka jikoni, mikono ina unga. “Mama, hapa si Itaka,” alisema kwa heshima. “Kana zikishazaana, uwanja wote utakuwa wao. Msiba ukitupata, watu watakaa wapi?” Kwetu waombolezaji hukaa uwanjani. Baba akashauri zipandwe kwenye ndoo, Bibi akacheka kidogo. “Ndoo ni ya kutekea maji, mwanangu.” Mama alinunua waridi dogo linaloenea pembeni, na Bibi akalisifu. Jumamosi alirudi Itaka na gunia lake, akisema anakwenda kuangalia mibuni. Hakurudi tena. Kabla mwaka haujaisha tulikwenda kumzika. Nilimkasirikia mama kwa miaka mingi, ingawa kipimo chake kilikuwa sahihi. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi, niliyeshika ncha ya kamba nikanyamaza.

Siku hizi nina nyumba yangu, Chapwa hiyo hiyo, na uwanja wangu ni mdogo kuliko ule. Viwanja vimekatwakatwa, na wauza miche wa kando ya barabara hukuuliza ukubwa wa eneo kabla ya kukuuliza rangi unayoipenda. Mama amezeeka, amehamia kwangu tangu mwaka jana. Juzi nilimkuta amesimama mlangoni, ameshika mche wa waridi uliofungwa kwenye gazeti, viatu vina tope. Sikuwahi kumwona akiogopa kuniomba kitu.

“Neema, panaweza kupatikana nafasi?” aliuliza. Kabla sijajibu, akaongeza haraka, “Nimeulizia. Halikui sana.”