Sura ya Mama Vidole

Mama Vidole, msusi, alikuwa amemkalisha mteja chini, kichwa katikati ya magoti yake, pale binti wa dada yake alipotoka ndani na kompyuta mkononi, meno yote nje.

"Ma'mdogo, hongera. Umeongoza."

"Nimeongoza wapi, na mimi nasukia barazani kwa mama yako?"

Binti alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu. Utafiti wake ulitaka kujua ni wanawake gani wanaofanikiwa katika biashara. Badala ya kuzunguka akiuliza watu, alikusanya kurasa zao za mtandaoni: wanaandika nini, wanapendwa na wangapi, wateja wanasemaje. Juu ya wote akamkuta ma'mdogo wake pichani, anacheka, mkono kiunoni, mlangoni pa saluni. Akamsomea: "Namshukuru Mungu na mume wangu. Karibuni wapenzi."

Mama Vidole akaachia msuko. Saluni ile aliianzisha yeye, kwa kiti kimoja na kioo kilichopasuka. Mume akaja kusimamia, kisha akaleta msaidizi, kisha msaidizi akahamia chumbani na Mama Vidole akahamia kwa dada yake. Mume alibaki na funguo, laini ya simu na ukurasa. Sura ya Mama Vidole peke yake ndiyo haikufukuzwa, kwa kuwa ndiyo iliyoleta wateja.

"Najua mliachana na ba'mdogo," binti akasema. "Nilidhani saluni bado ni yako. Si unaandika kila siku?"

"Mimi? Tangu lini nikajua kuandika? Weka humo kwamba nilifukuzwa."

"Hakuna pa kuweka hivyo. Ukurasa mmoja ni mwanamke mmoja. Nahesabu kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa na nani?"

Binti akarudi kuangalia kompyuta. Mteja akajibu badala yake, shingo imepinda. "Si uwapigie? Namba ipo hapo. Mimi nilimfuata huko kwa hiyo hiyo picha, nikatoka na mistari imepinda kama njia ya mbuzi."

Binti akapiga, akaweka sauti ya nje, wote wasikie.

"Saluni ya Mama Vidole, karibu mpenzi."

"Naongea na nani?"

"Mama Vidole mwenyewe. Unataka kusuka lini?"

Mama Vidole akavuta msuko hadi mteja akaguna. Sauti ile aliijua, ni ya yule msaidizi. Yeye ndiye aliyeifundisha kumwita mteja mpenzi.

Binti akakata simu. Akabofya hapa na pale, uso umemshuka.

"Basi, nimekutoa, ma'mdogo."

"Umenitoa wapi tena?"

"Kwenye utafiti. Ukurasa si wako, haufai. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka useme nilifukuzwa. Kwa mume nimetolewa, saluni nimetolewa, na wewe niliyekubeba mgongoni unanitoa. Yule ana sura yangu na jina langu. Mimi nimebaki na nini?"

"Sasa nikuweke wapi? Mtandaoni hupo."

"Nipo hapa. Hunioni?"

Binti akafunga kompyuta, akasema atamuuliza mwalimu wake kama kuna namna.

Mama Vidole akafyonza. Mume naye, alipoombwa funguo, alisema atawauliza wazee. Mpaka leo anawauliza.