Kauli ya Mbeleko

Liberatus Mwinuka alikuwa ofisa maendeleo wa kata huko Mufindi, na kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote ni kusoma hotuba za watu wengine. Mgeni rasmi anaalikwa Igowole, mvua inanyesha, barabara inateleza, mheshimiwa anapata dharura. Dharura hizi sijui huzaliwa wapi, maana hazimpati mtu siku ya pilau mjini. Dereva analeta hotuba, Liberatus anavaa koti, anasoma kwa niaba. Aliwahi kusoma "mimi kama mama mzazi" mbele ya kadamnasi bila kutikisa sharubu.

Siku ya wakulima wa parachichi alisoma nusu ya hotuba, kisha akasema, "Hapa naweka karatasi pembeni." Akawaambia vijana: "Anayeuza shamba anunue pikipiki, ameuza mama akanunua mbeleko."

Makofi yaliyopigwa si ya kuagizwa. Baadaye ushirika ukaichora kauli hiyo kwenye ukuta wa ghala lao, na chini yake jina la mheshimiwa, ambaye siku ile hakukanyaga hata tope la Igowole. Liberatus hakulalamika kwa mtu. Ila ilimuuma, akaanza kwenda gengeni kwa njia ya kuzunguka, asilipite lile ghala.

Alikwishastaafu pale Eveline Mwaisaka alipompigia simu. Eveline ni mtoto wa Soweto, Mbeya, anasoma shahada ya pili Iringa, na tasnifu yake ilikuwa juu ya vijana na ardhi. Kauli ya ukutani alikuwa ameinukuu kwa jina la mheshimiwa. Msimamizi wake akamrudishia sura nzima na swali moja: nani hasa alisema?

"Shikamoo baba. Nimesikiliza rekodi ya hotuba ya siku ya parachichi. Hiyo sauti ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Na pale uliposema unaweka karatasi pembeni?"

"Hayo maneno hayakuwa kwenye karatasi, binti. Mheshimiwa hakuyaandika."

Eveline akamweleza utaratibu. Hotuba inatajwa kwa jina la mwenye maneno, tarehe, tukio na mahali ilipotolewa. Iliyosomwa kwa niaba hubaki ya mwenyewe, na msomaji hutajwa kuwa ameisoma tu. Lakini msomaji akiacha karatasi akasema ya kwake, hapo mwenye maneno ni yeye.

"Kwa hiyo nitaandika Mwinuka."

Liberatus alifurahi, tusimfichie. Jioni ile alipita mbele ya ghala, tena polepole.

Eveline alipopiga tena ili amsomee jinsi jina litakavyokaa, mzee angeweza kusema asante na kukata simu. Hakuna ambaye angejua. Badala yake akakohoa.

"Subiri kwanza, mwanangu. Nilikuwa nalalamika moyoni jina langu limeliwa. Sasa na mimi nakula la mwingine. Ile kauli ni ya mama yangu, Tekla Ngimba. Alisema kwa Kibena, mimi nimegeuza tu Kiswahili."

Eveline alishusha pumzi. Sura ilikuwa inangojwa. "Alisema kwenye mkutano?"

"Mkutano gani? Nyumbani, jikoni."

"Basi nitamtaja yeye, niseme umemnukuu wewe. Ila lazima nieleze mazingira, baba. Alikuwa anamwambia nani?"

Liberatus akahamishia simu sikio la pili.

"Mimi," Liberatus akasema. "Nilikuwa nimeuza shamba lake la mahindi ninunue pikipiki. Ya kwanza pale kwetu. Alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka kuniangalia. Andika hivyo hivyo."

Tasnifu ilipita. Eveline alituma nakala Igowole kwa basi, na Liberatus akatafuta ukurasa wake kabla hata ya kukaa. Lilikuwapo jina la mama yake, na lake baada yake. Mahali pa mazingira pameandikwa: mazungumzo ya kifamilia, Igowole. Habari ya shamba na pikipiki haikuwamo.

Akampigia.

"Umenihurumia, mwanangu," alisema. "Mama siku ile hakusema 'anayeuza'; alisema mimi nimemuuza yeye."