Ufunguo wa Jaji

Kwenye kiwanda chetu cha mashati, chumba cha kumalizia ndicho pekee kisicho na kelele. Mashine ziko upande wa pili wa ukuta. Kwetu hushonwa vifungo kwa mkono, hukatwa nyuzi, hupigwa pasi, kisha shati linafika mezani kwangu nilikague. Kwa sababu ya utulivu huo, wanawake wa chumba hiki walizoea tangu zamani kusomewa. Mmoja anakaa na kitabu kwenye kiti cha dirishani, wengine wanashona, na fungu lake la mashati wanagawana. Msimamizi aliona kwamba siku za kusoma hakuna anayetoka ovyo kwenda chooni, akanyamaza.

Aliyekuwa akisoma ni jirani yangu. Tumepanga kwenye ua mmoja, na mlango wake unatazamana na wangu. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina, walimwita Redio. Sauti yake ni nzito kidogo, haina haraka, na kila mtu wa kitabuni alikuwa akimpa sauti yake. Kwenye sehemu za mwanaume, hata Mama Pasi, ambaye hucheka kila kitu, alikuwa akinyamaza na pasi mkononi.

Vitabu vyenyewe vilikuwa sita, hadithi moja ndefu. Jaji mmoja alidhulumiwa na tajiri. Badala ya kumfunga tajiri, akamchukua binti yake, akamweka ghorofa ya juu ya nyumba yake, akafunga mlango na kuuvaa ufunguo shingoni. Katika kitabu cha kwanza Binti anamtemea mate. Katika cha pili anamchoma mkono kwa uma. Katika cha tatu anaanza kusikiliza hatua zake ngazini, na siku asipokuja hali chakula.

"Mimi angenifungia hivyo, ningemwambia azungushe mara mbili," alisema Bi Harusi. Huyu ni msichana aliyechumbiwa muda mrefu mpaka jina likamganda.

"Wewe wako hata mlango hajaujenga," Mama Pasi akamjibu, na chumba kikaangua kicheko.

Redio hakucheka. Alilowesha kidole na kufungua ukurasa.

Wale wengine walijua tu kwamba mumewe ni dereva wa lori na kwamba waliachana. Mimi alinieleza zaidi. Nyumba waliyokaa zamani, mume alipokwenda safari alifunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Alimwachia unga, maji, mafuta ya taa, kila kitu. Hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alifunga tu, kama mtu anayefunga ghala. Mama yake Redio alikuja siku moja kumtembelea kutoka mbali, akakuta hali hiyo. Akageuza ndoo iliyokuwa nje, akaikalia, wakazungumza kupitia nondo za dirisha mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Redio alitaka kumpa mama yake chakula, lakini sahani haikupita kwenye nondo. Akakitia kwenye kikombe. Mama akala kikombe baada ya kikombe, na akirudisha kila kimoja alikuwa akisema, "Kitamu, mwanangu."

Baadaye mume alihamia kwa mwanamke mwingine, na ndivyo Redio alivyopata kutoka. Sasa yule mwanamke alikuwa amemtimua, na wifi yake Redio ndiye aliyekuwa akija na maneno: kaka amechoka, kaka amebadilika, kaka anataka kurudi nyumbani. Alikuwa akija kila Jumapili, anakaa kwenye kizingiti, anavua viatu.

"Wifi, nimpelekee jibu gani?"

"Nipe mpaka nimalize kitabu," Redio akamwambia.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kitabu? Ndoa inasubiri kitabu?"

"Imesubiri mengi. Hicho nacho isubiri."

Nilidhani ni mzaha wa kumfukuza mgeni. Haukuwa mzaha. Kiwandani habari ikajulikana, na kuanzia hapo kitabu cha sita kikawa kinasomwa kama kesi. Jaji akifanya jambo jema, Mama Pasi anainua pasi na kusema, "Unaona? Wanabadilika. Mrudishe mumeo." Jaji akimletea Binti maua, wanamtazama Redio na si kitabu. Naye, sitaficha, alianza kulainika. Alinunua pazia jipya. Jioni akipika nilimsikia akiimba.

Kuna sheria moja: kitabu hulala kiwandani, kwenye droo ya nyuzi. Hakuna kutangulia. Anayetangulia anawaharibia wenzake. Lakini Ijumaa hiyo zilibaki sura chache tu, na wifi alikuwa ameahidi kuja Jumapili na kaka mwenyewe. Redio akakitia kitabu kwenye mkoba chini ya kanga. Nilimwona. Sikusema.

Jumamosi saa za kuanua nguo nilimkuta kwenye kizingiti chake, kitabu kimefungwa mapajani, macho yamevimba.

"Kimeishaje?" nikamuuliza.

"Vizuri."

"Mbona unalia basi?"

"Ndiyo hivyo, dada. Kimeisha vizuri."

Nikaweka beseni chini, nikakaa. Akaniambia mwisho wenyewe. Jaji anapiga magoti mbele ya Binti, anavua ufunguo shingoni. Kisha anaanza kumtajia kila siku aliyomfungia. Ile siku ya mvua ulikuwa umevaa gauni la kijivu. Ile siku uligonga mlango mpaka mkono ukachubuka, nami nilikuwa upande wa pili, nasikia. Anazitaja zote, moja baada ya moja, kurasa na kurasa, huku analia. Binti anauchukua ule ufunguo. Mlango uko wazi, na Binti hatoki.

"Sasa hapo cha kukuliza ni nini?" nikasema. "Amesamehe mwenyewe."

"Kusamehe si neno." Alifuta pua kwa upindo wa kanga. "Alikumbuka, dada. Hata rangi ya gauni. Nimesoma vitabu sita nikidhani namwonea huruma Binti. Kumbe nilikuwa namwonea wivu. Yeye alifungiwa na mtu aliyekuwa akimtazama."

Nilikunja shati la mume wangu, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Kesho nitamuuliza jambo moja tu," akasema. "Akilijua, nafungua mlango. Sitaki alie. Sitaki apige magoti, ana matatizo ya goti. Akumbuke tu."

Usiku mzima, nadhani, aliendelea kusikitika. Asubuhi aliniambia kwamba alikuwa amerudi kurasa za mwanzo kutafuta pale Binti anapotema mate, akaona hapana ladha tena, kama kurudia kutafuna muwa uliokwisha maji. Watu wa kitabuni aliokaa nao mwaka mzima walikuwa wamekufa wote kwa siku moja, tena wamekufa wakicheka.

Mume alifika mchana na dada yake. Alikuwa amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni kwangu, na ua wetu ni mdogo; mtu hahitaji kutega sikio.

"Pamependeza hapa," akasema. "Hata pazia. Hujambo lakini?"

"Sijambo."

"Umenawiri."

"Kaka alikuwa anaogopa kuja," wifi akadakia. "Njia nzima anaulizia, shati limekaa sawa? Kama kijana anayeposa!"

Wakacheka, na Redio akacheka kidogo. Akawapa maji. Akakaa mkabala na mumewe, akaunganisha magoti.

"Nina swali," akasema. "Ule ufunguo uliuweka wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Wa kule tulikokuwa."

Akafikiri. Nitasema haki, alifikiri kweli. Alikunja uso kama mtu anayetafuta alikoegesha kitu. Kisha akamgeukia dada yake, akarudi kwa mkewe, akatazama kitasa cha mlango.

"Umepoteza ufunguo? Hiki kitasa chenyewe ni cha kichina, hakina maana. Nitakuletea kizuri, cha chuma. Nakifunga mwenyewe, leo jioni."

Wifi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Yeye pia aliwahi kusimama kwenye lile dirisha, tena zaidi ya mara moja, akipitisha mboga kwenye nondo.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "mambo yale yamepita."

"Mambo yapi?" mume akauliza.

Aliwatazama wote wawili, mtu mwema tu aliyekuja na shati safi, hajui amekosea nini. Kama angedanganya, nadhani ingekuwa nafuu. Mwongo anakijua anachokificha.

"Nimemaliza kitabu," Redio akamwambia wifi yake. "Jibu ni hapana."

"Kwa ajili ya ufunguo?" Mume akasimama. "Mwanamke, nimekwambia nitaleta kitasa kipya!"

Alirudia neno hilo la kitasa mpaka lango la nje. Wifi alivaa viatu vyake bila kuaga.

Jumatatu chumba kilikuwa kinangoja. Mama Pasi alikuwa amekwisha mwaga maji kwenye kitambaa cha pasi. Bi Harusi alimpangusia Redio kiti.

"Haya bibi, tuambie. Amekuja? Umemjibuje?"

"Tusome kwanza," Redio akasema, akatoa kitabu kwenye mkoba wake. Hakujaribu hata kuficha kwamba hakikutoka kwenye droo. Siku hiyo waliona, lakini haraka ya kusikia iliwazidi.

Alisoma vizuri kuliko siku zote. Jaji akapanda ngazi. Jaji akafungua mlango. Binti akasimama, akamwambia nivulie ufunguo huo. Redio akalowesha kidole. Halafu akasoma, kwa sauti ya mwanaume, sauti ya upole kabisa:

"Jaji akamtazama, akasema: Ufunguo gani?"

Hakuna sindano iliyokwenda.

"Rudia hapo," Mama Pasi akasema.

"Jaji akamtazama, akasema: Ufunguo gani? Binti akachukua ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akashuka ngazi, akatoka. Mwisho."

Akafunga kitabu. Ndipo harufu ya kuungua ikatufikia. Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya kola.

"Ndoo?" Bi Harusi akapiga kelele. "Ndoo imetoka wapi kwenye jumba la Jaji? Na kurasa bado ziko nyingi, naziona! Lete!"

Akamnyang'anya. Bi Harusi si msomaji, anaruka maneno marefu kama mtu anayeruka madimbwi, lakini safari hii alishika kila moja kwa kidole. Polepole, kwa kukwama kwama, ule mwisho wenyewe ukatoka: magoti, gauni la kijivu, mkono uliochubuka. Walipofika mlango ulio wazi, chumba kizima kilikuwa kinapenga makamasi. Walilia kwa raha. Muda mrefu sikuwaona na raha kama ile.

Kisha wakamgeukia.

"Umelala nacho," Mama Pasi akasema. Alikuwa ameshika lile shati lililoungua. "Umeujua mwisho tangu Ijumaa, ukataka kutuibia. Kuna nini rohoni mwako, dada?"

"Hamna kitu."

"Kama wako amekushinda, Binti muachie wake!"

Nilijua kila kitu, na ningeweza kusema neno. Redio alinitazama mara moja tu, na niliona hataki liwe hadithi ya pili ya kulilia. Nikanyamaza. Alisimama kutoka kiti cha dirishani, akaja kwenye meza ndefu, akaomba sindano na fungu lake la mashati.

Alikuwa hajashona vifungo muda mrefu. Alivuta uzi kwa nguvu mno, na kila kifungo kikakunja kitambaa kama kovu. Mashati yale yalinifikia jioni. Mashati ya namna hiyo hayapiti, na sikuyapitisha. Nilimrudishia yote. Aliyapokea, akachukua wembe, akaanza kufumua kifungo kimoja kimoja.

Wiki iliyofuata wifi alileta boksi na kuliacha kwangu, kwa kuwa Redio hakumfungulia mlango. Ndani kulikuwa na kitasa cha chuma, kizuri kweli, na funguo zake zimefungwa kwa utepe. Nilimpelekea. Akasema nikae nacho. Kipo chini ya kitanda changu.

Kiwandani Mama Pasi ameleta hadithi mpya: nahodha na msichana aliyefungwa kwenye meli yake. Bi Harusi ndiye anayekalia kiti cha dirishani. Jana alikwama kwenye neno moja katikati ya sentensi, akalijaribu mara nyingi, akawatazama wenzake. Wote wakamtazama Redio, maana yeye maneno yote anayajua. Redio aliinamisha kichwa, akakata uzi kwa meno, akachukua shati jingine.