Makaa Mawili ya Mama Shija

Nilipokuwa mtoto, viberiti viliadimika Ufipa kama sukari, na asubuhi tulipita nyumba kwa nyumba na kigae kuombana moto. Bibi yangu alikuwa na sharti moja: ulezi ukiwa shambani, moto hauendi kwa mtu asiyelima nasi. Ukienda, mvua ya mawe itaufuata.

Mama Shija alikuwa bado hajalima nasi. Yeye na mumewe ni Wasukuma waliohamia na ng'ombe, na wiki ile walikuwa wamepika pombe yao ya kwanza ya kualika majirani waje kuwapigia matuta. Kwa mwaliko huo ndipo mtu alipokuwa wa kijiji: ukilima na kunywa kwake, naye atakuja kwako.

Alifika mvua ikinyesha, mtoto akikohoa mgongoni.

"Bibi yupo?"

"Ametoka."

"Basi nipe wewe, baba. Kwangu kumezimika."

Nikampa makaa mawili.

Siku ya tatu mawe yalianguka, ulezi wote ukalala. Bibi alinishika sikio mbele ya majirani. "Nani katoa moto humu?"

"Mama Shija," nikasema. "Hakupewa. Alichukua mwenyewe."

Kuanzia hapo hakuwa mgeni tena, alikuwa mwizi. Siku ya matuta hakwenda mtu. "Pombe yao wakanyweshe ng'ombe," alisema baba mdogo, watu wakacheka. Nilipita njia ya juu nikaona mitungi imepangwa kivulini, Mama Shija akiifukuzia nzi. Mwezi haukwisha, yeye na mumewe wakahama, wakateremka Muze, kule bondeni.

Mwaka uliofuata biashara huria ilitufikia. Mfanyabiashara wa mjini alifungua duka, viberiti vikajaa. Bibi alifunga kimoja kwenye pindo la kanga, na Msukuma mwingine alipoomba moto, alimrushia bila hata kumtazama. Ulezi ulikuwa shambani. Hakuna aliyeitisha kikao kufuta sharti lile. Liliachwa tu, kana kwamba halikumfukuza mtu.

Chuo kikuu niliandika kurasa nyingi kuhusu jinsi jamii zinavyochagua wa kumsaidia. Nilisifiwa. Mama Shija sikumtaja.

Uongo wangu nilimwambia mke wangu peke yake. Kila mvua za kwanza zilipoanguka aliniuliza, "Muze utakwenda lini?" Nami nilijibu, baada ya mavuno. Juni tulimzika mke wangu. Leo mvua imeanza. Nimewasha kuni kwa njiti moja, nikakaa jikoni, na hakuna aliyeniuliza.