Herufi Kubwa za Eddah

Ofisi moja ya mizigo kule Changamwe ilipohamia jengo jipya, kompyuta kuukuu ziliachwa uani zisubiri wanunuzi wa vyuma chakavu. Eddah Ziro, aliyekuwa karani hapo kwa miaka ishirini na sita na akistaafu mwezi huohuo, aliomba apewe moja, ile aliyoizoea, na printa yake ya kelele. Akavuka nayo feri juu ya mkokoteni hadi kwake, mtaa wa Shika Adabu.

Kaka yake, Katana, alimuuliza ataifanyia nini mashine isiyo na intaneti. Eddah alimjibu kwamba inaandika, na kuandika ndiyo kazi aliyoijua.

Jumapili iliyofuata kanisani Timbwani, alimwona mzee Tinga, mwimbishaji wa siku nyingi, ameshika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Ibada ilipokwisha akamwamkia na kumuuliza. Mzee alikiri kwamba macho hayaoni tena herufi zile ndogo. Nyimbo anazozikumbuka huziimba, nyingine hufuata sauti tu bila maneno. Na kitabu chenyewe, cha Kigiriama, hakichapishwi siku hizi.

Eddah aliazima kitabu hicho, akaanza kuzipiga chapa nyimbo jioni ileile, wimbo baada ya wimbo. Alipofika wa arobaini, utepe wa wino wa printa ukakauka. Alizunguka maduka ya mjini. Hakuna aliyekuwa nao. Basi akaufungua mwenyewe, akautia wino wa mihuri tone kwa tone, vidole vikabaki vya zambarau wiki nzima. Printa ikaamka, ikatoa herufi zenye ukubwa wa punje ya hindi.

Mzee Tinga alipokea karatasi zake, akaisogeza ya kwanza mbali kidogo na uso, akasoma kwa sauti. Kwenye ubeti wa tatu akaishusha karatasi.

"Mwanangu," alisema, "ubeti huu nilikuwa nimeusahau kabisa. Miaka sita naimba wimbo nusu."

Eddah alimsogezea karatasi ya pili.

Sasa wazee kumi na mmoja wanaimba kwa karatasi zake. Muuguzi mmoja wa zahanati alipoziona, alimwomba awaandikie wagonjwa wazee namna ya kunywa dawa zao, kwa herufi zizo hizo. Eddah hupiga chapa kila asubuhi, mlango wazi, na majirani husikia printa ikikereza kama msumeno.